Goti bovu na Mlima Meru: jinsi ya kushuka kwa miguu yako mwenyewe

Mtu akisikia una goti bovu na unataka kwenda Meru swali lake la kwanza ni "sasa utapandaje?" na hapo ndo anapokosea, mana kupanda sio shida, kupanda ni pumzi na uvumilivu na goti lenyewe muda mwingi linakaa kimya, shughuli iko kwenye kurudi. Wazee walisema mpanda ngazi hushuka ila hawakutuambia atatanguliza mguu upi. Ntawaambia mimi hapa chini, mana ni jambo dogo ambalo limenisaidia kuliko bandeji zote nilizowahi kununua.

Goti langu ni la netiboli. Kidato cha tano niliruka kudaka pasi nikatua mguu umekaa upande, mwili ukageuka goti likabaki linaangalia kule kule, nikasikia kitu kama kijiti kimevunjika ndani. Ndani ya goti kuna vigegedu viwili vyenye umbo la mwezi mwandamo, vinakaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi kama raba ya kupunguza mshtuko, changu kimoja kilichanika na hakijawahi kurudi sawa. Naishi nacho. Nimeenda Meru mara mbili na goti hili hili, mara ya kwanza nilishuka kinyumenyume na kiubavu kama kaa wa pwani huku nalia, mara ya pili nilishuka natembea na jioni nikaweza kuchuchumaa kufua soksi. Umri ulikuwa umeongezeka, goti halijapona, kilichobadilika ni mipango tu.

Anza na hesabu ya kushuka

Kabla hujalipa hata shilingi chukua karatasi uandike. Geti la Momella lipo kama mita 1,500, kibanda cha kulala cha Miriakamba 2,514, kibanda cha Saddle 3,570, kileleni kwenyewe 4,562. Ratiba ya siku nne wanayouza wengi iko hivi: siku ya kwanza unalala Miriakamba, ya pili unalala Saddle, usiku wake saa saba au nane mnaamshwa mnapanda, jua linawakuta juu likichomoza upande wa Kilimanjaro, mnapiga picha, mnarudi Saddle mnakula, alafu mchana ule ule mnaambiwa beba begi tunashuka Miriakamba. Sasa jumlisha. Kilele mpaka Saddle ni mita 992, Saddle mpaka Miriakamba ni 1,056, kwaio siku moja goti lako linashushwa mita 2,048 na hujalala. Kesho yake unabakiwa na elfu moja nyingine mpaka getini.

Hapo ndo magoti yanapofia. Ile mita elfu ya kwanza ukitoka kileleni unaiweza kwa sababu bado una furaha, ya pili unaifanya mapaja yakiwa yamechoka, na paja likichoka goti limebaki bila breki. Msuli wa mbele wa paja ndo unaopokea uzito kila unapokanyaga chini ukishuka, ukiisha nguvu uzito wote unaenda kwenye pia ya goti na vigegedu.

Kwaio cha kwanza kabisa: omba usiku wa pili pale Saddle. Yaani ukitoka kileleni unakula, unalala, unashuka kesho yake asubuhi. Inaongeza siku moja na hela ya siku moja, na watu wa kampuni watakwambia "haina haja, wote wanashuka", wewe waambie nina haja, na uwaambie kabla ya kulipa sio mkiwa tayari juu mana chakula na wagumu (wapagazi wa mlimani) vinahesabiwa kwa siku. Ratiba ya siku tatu kwa mtu wa goti usiisikilize hata kama wanakupa punguzo.

(Wanaouliza Kilimanjaro je, hesabu yake ni mbaya zaidi. Wanaoshukia njia ya Mweka wanatoka 5,895 na wengi wanalala kampi ya Mweka iliyo karibu na mita 3,100, siku moja. Njia ya Marangu una nafuu kidogo mana unashukia njia uliyopandia, unaijua kila kona, ila nako kutoka juu mpaka kambi ya Horombo sio mchezo. Kanuni ni ile ile, piga hesabu ya mita za kushuka kwa siku moja alafu omba zigawanywe.)

Na msimu. Nenda kiangazi, Juni mpaka Oktoba au Desemba mpaka Februari. Msitu wa chini ukinyeshewa unakuwa utelezi mtupu, na goti lenye gegedu bovu linaogopa kuteleza kuliko linavyoogopa umbali.

Jaribu goti ukiwa bado mjini

Mimi kipimo changu ni kilima cha Suye hapa Arusha. Napanda na begi la kilo tano sita, nashuka, kesho yake narudia. Siangalii kama linauma, kuuma litauma, naangalia mambo matatu: asubuhi limevimba? linakwama, yaani unataka kulinyoosha linagoma kama mlango ulioingiwa na mchanga? linanikimbia, yaani nakanyaga alafu linaachia ghafla? Likivimba napumzika nijaribu tena wiki nyingine. Likikwama au kukimbia safari imekufa, nenda kwa daktari wa mifupa kwanza, na simaanishi fundi wa kuvuta viungo mtaani japo najua kila familia ina mmoja inayemwamini.

Mazoezi yanataka wiki sita mpaka nane, wiki moja haitoshi. Mawili tu yanatosha. La kwanza ni kuegemea ukuta ukakaa hewani kama una kiti, ukishuka mpaka pale goti halilalamiki, sekunde thelathini, unapumzika unarudia. La pili ndo lenyewe hasa: simama kwenye ngazi ya nyumbani, mguu mmoja juu, mwingine uteremshe taratibu mpaka kisigino kiguse ngazi ya chini alafu urudi. Taratibu ukihesabu mpaka nne. Zoezi hili linafundisha paja kupunguza mwendo, na kupunguza mwendo ndo kazi yote ya kushuka mlima. Watu wengi wanafanya mazoezi ya kupanda ngazi wakifika juu wanashuka na lifti, sasa hapo umefundisha nini.

Sema, na useme getini

Mara ya kwanza nilificha. Niliogopa wataniambia nibaki. Matokeo yake siku ya tatu nilikuwa nachechemea na gaidi wetu (yaani guide, mwongozaji wa mlimani) anadhani ni malengelenge, ananiambia "dada kaza buti tu", mpaka nilipokaa chini nikashindwa kuinuka ndo ukweli ukatoka, na kufikia hapo hakuwa na la kunifanyia zaidi ya kunipa pole.

Mara ya pili tulipokuwa tunasubiri kuandikishwa pale Momella nikamwita pembeni. "Kaka, goti langu la kulia ni bovu, kupanda napanda, kushuka nitakuwa wa mwisho kila siku, na nataka begi langu lichukuliwe lote." Akaniangalia akacheka, akasema "dada umefanya la maana kuniambia huku chini, juu huwa wananiambia wakiwa wanalia." Akapanga upya palepale: mgumu mmoja mwenye mwili akae na mimi nyuma, na sisi tuwe tunaondoka nusu saa kabla ya wenzetu pale inaporuhusiwa.

Hiyo "inaporuhusiwa" ni muhimu sana Meru kuliko milima mingine. Kule mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati na tembo, hasa msituni kule chini, na hutakiwi kubaki nyuma peke yako. Maana yake mwendo wako wewe wa goti ndo mwendo wa kundi lote, mana bunduki ni moja. Ukificha, kundi linakasirika katikati ya msitu saa kumi jioni, ukisema mapema afande anajua atakaa wapi na kundi linajua litachelewa. Mwambie na yeye pia, "shikamoo afande, mimi goti", inatosha. Na kwa vile huwezi kukimbia, ukikutana na nyati usifanye ujanja wowote, simama nyuma ya bunduki utulie.

Jioni ya siku ya pili mtapelekwa Meru Ndogo, mita 3,820, mnazoea hewa. Wengi wanaidharau. Kwako huo ni mtihani wa mwisho: ni mita 250 za kushuka, robo ya zile za kutoka kileleni. Ukirudi Saddle na goti limeanza kujaa, basi usiku ule lala, waage wenzio, waambie wakupigie picha. Rhino Point, juu ya Saddle kwenye njia ya kileleni, nayo ni mahali pazuri pa kugeukia, umeona kreta, umeona lile jabali lilivyosimama, na hujaingia bado kwenye ule mwamba unaofuata unaotaka mikono. Tena kumbuka ukipita Rhino Point njia inashuka kabla ya kupanda, kwaio ukirudi utakuta unapanda tena ukiwa umechoka, wengi hawaambiwi hilo.

Mguu upi kwanza

Haya sasa. Ukipanda ngazi tanguliza mguu mzima, ukishuka tanguliza mguu mgonjwa. Mzima upande, mgonjwa ushuke. Sababu yake ni kwamba ukishuka, mguu unaobaki juu ndo unaofanya kazi ya kukunjika na kubeba mwili mzima wakati ule mwingine unatafuta chini, kwaio unataka mzima ndo ubaki juu. Kila ngazi unaanza na mgonjwa, mzima unafuata unasimama pembeni yake, alafu mgonjwa tena. Ni mwendo wa bibi harusi, unachosha kuutazama, lakini kutoka Saddle mpaka Miriakamba kuna ngazi za mbao hazihesabiki na mwendo huo ndo ulionifikisha.

Hizo ngazi zina tabia yake. Wameweka gogo alafu wakajaza udongo nyuma, mvua imekuja imeondoa udongo, kwaio unashuka kwenye gogo unakuta shimo, ngazi moja ina kimo cha kiganja nyingine inafika katikati ya muundi. Fupi zishuke kawaida. Ndefu geuka ubavu, fimbo zote mbili chini kwanza, mguu mgonjwa ufuate. Ndefu kabisa geuka uangalie mlima ushuke kinyume kama unashuka kwenye dari, usione aibu, hakuna anayekujua. Pale ambapo watu wamechonga kinjia pembeni ya ngazi mimi niliambiwa nisipite kwa sababu kinaharibu mlima, na ni kweli, alafu kwa goti nacho ni kibaya vilevile kina vumbi la kuteleza.

Fimbo chukua mbili. Zinakodishwa mjini, huna haja ya kununua. Watu waliopima kwa vyombo walikuta ukishuka na fimbo mbili mzigo wa goti unapungua mpaka kufikia robo hivi, na robo mara hatua elfu kadhaa sio kitu kidogo. Kwenye tambarare fimbo iwe na urefu wa kiwiko kukunjika sawasawa kama pembe ya meza, ukianza kushuka irefushe sentimita tano mpaka kumi ili usiiname. Fimbo inatangulia, mguu unafuata, sio fimbo inaburuzwa nyuma kama mkia. Ikitokea unayo moja tu, ishike mkono wa upande wa mguu MZIMA. Najua akili inakwambia ishike upande unaouma, kila mtu anafanya hivo na kila mtu anakosea, ukishika upande unaouma unauegemea huo huo mguu unaoukimbia.

Hatua ziwe fupi, za kitoto. Goti lisinyooke kabisa unapokanyaga, liache limelegea kidogo. Usiegemee nyuma, ukiegemea nyuma unateleza na ukiteleza unajipinda. Kule juu kwenye majivu ya volkano utaona vijana wanashuka mbio wanateleza kama wako kwenye theluji, raha kweli, sio zako. Majivu yenyewe hayana ubaya, ni laini yanameza mshtuko vizuri kuliko ngazi, hatari yake ni jiwe lililojificha ndani: mguu unazama, jiwe linazuia unyayo, mwili unaendelea. Kisigino kwanza, vidole vielekee unakoenda, usigeuke mguu ukiwa umezama.

Pumzika kabla ya kuchoka. Mapaja yakianza kutetemeka kama cherehani umeshachelewa, kaa chini kila dakika ishirini au thelathini hata kama unajisikia mzima, kula kitu kidogo, kunywa maji. Buti kaza kamba za kifundo kabla ya kushuka ili vidole visigonge mbele, na kata kucha kabla ya safari, haihusiani na goti ila vidole vikiuma utabadilisha mwendo na goti ndo litalipa.

Likiumia ukiwa juu

Ukipinda goti huko usiinuke. Kila mtu anataka kuinuka haraka aseme "niko sawa, niko sawa". Kaa dakika kumi, vaa koti mana jasho likipoa pale juu unaganda, alafu ujipime mwenyewe bila haraka.

Mguu umepinda vibaya kwa kuutazama, au unyayo umekuwa wa baridi na umekufa ganzi, hapo hutembei, ni kubebwa na ni haraka. Kama hakuna hayo, jaribu kulikunja mpaka pembe ya meza. Bonyeza pia ya goti kwa kidole, bonyeza na kile kimfupa cha pembeni nje chini kidogo ya goti, sikiliza kama kuna sehemu moja inayouma vikali kwa kuguswa tu. Simama ukiwa umeshikwa, tembea hatua nne. Ukishindwa hatua nne, au kukunja kumegoma, au ukibonyeza mfupa wewe unaruka kwa maumivu, chukulia mfupa unaweza kuwa umevunjika. Kama ulisikia "paa" na goti likajaa ndani ya saa moja mbili, hiyo mara nyingi ni damu imeingia ndani na kano kubwa inaweza kuwa imekatika, litakukimbia kwenye kila ngazi hata kama maumivu yametulia. Likijaa taratibu kesho yake mara nyingi ni gegedu, kwa hilo wengi wanatembea wakashuka, polepole.

Kama unatembea, funga. Bandeji ya kuvutika anzia chini ya goti upande kuja pajani, goti likiwa limekunjwa kidogo, kila mzunguko ufunike nusu ya uliopita. Kidole kimoja kipite chini yake. Vidole vya mguu vikianza kuchomachoma au kupoa legeza, na usiku vua. Bandeji haishiki goti kama watu wanavyodhani, inakukumbusha tu kwamba una goti, na hiyo nayo ni kazi.

Kama goti halitakiwi kukunjika kabisa, doti moja ya kanga itakuokoa. Koti zito lizungushe kuanzia katikati ya paja mpaka muundi, fimbo mbili zilizofupishwa kila upande kama banzi, kanga moja funga pajani nyingine kwenye muundi, usifunge kwenye goti lenyewe. Mimi hata niende wapi kanga haikosi begini, ni shuka, ni taulo, ni pazia la kuchimba dawa na ni bandeji.

Na kuchimba dawa kwenyewe, kwa kuwa hamna anayeandika hili: kuchuchumaa na goti bovu nyuma ya jiwe kwa baridi ile ni mtihani kuliko kilele. Tafuta jiwe au mti wa kushika kwa mbele, mguu mgonjwa uutangulize mbele umenyooka, chuchumaa kwa mguu mmoja. Msituni mwambie afande kwanza.

Sasa dawa na imani zetu. Siku mbili za kwanza goti lililovimba linataka baridi, halitaki moto. Najua nyumbani tumelelewa kukandwa na maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu mpaka machozi yatoke, kwenye uchungu wa zamani sikatai, ila goti jipya lililojaa ukilikanda unaongeza uvimbe. Pale Saddle maji yenyewe ni ya baridi kama ya friji, lowesha kitambaa, weka dakika kumi na tano, nyanyua mguu juu ya begi. Wagumu watakuletea dawa ya kuchua kwa upendo, shukuru, waambie kesho kutwa.

Panadol kwanza. Brufen inasaidia ila imeze umekula na umekunywa maji ya kutosha, mtu aliyekaukiwa maji juu ya mlima akimeza Brufen mfululizo anazisumbua figo, na wenye vidonda vya tumbo au shida ya figo waiache kabisa. Brufen na diklofenaki ni watoto wa baba mmoja, usiwameze pamoja ukidhani unaongeza nguvu. Kubwa kuliko yote usimeze dawa ya maumivu usiku kabla ya kupanda ili "goti lisisumbue". Maumivu ndo taa ya mafuta kwenye gari, ukiifunika na plasta haimaanishi tenki limejaa, tena ile ile dawa inaficha na kichwa kinachouma kwa sababu ya kimo, gaidi anakuuliza kichwa vipi unasema poa kumbe sio poa.

Ikibidi kubebwa

Ukiwa juu ya Saddle umeumia, kitu cha kwanza ni gaidi kujulishwa na kundi kugawanywa, mmoja anarudi na wewe wengine wanaendelea au wote wanarudi, huo uamuzi ni wa gaidi na askari, usiwe shujaa wala usiwe wakili. Kubebwa mgongoni kwenye zile ngazi ni hatari kwa anayekubeba, akikosea gogo moja mnaenda wawili. Machela inataka watu sita mpaka nane wanaopokezana, kwaio ni saa nyingi, uvae nguo zote, ufunikwe, na upewe maji na kitu cha kula njiani mana mgonjwa asiyetembea anapoa haraka kuliko wabebaji wanaotoka jasho.

Habari njema ni Miriakamba. Kutoka pale mpaka Momella kuna njia mbili, fupi ya moja kwa moja inayoshuka kwa kasi, na ndefu inayopita msituni kwenye ule mkuyu mkubwa uliotoboka katikati, ambayo sehemu kubwa inafuata barabara ya gari. Kwaio kabla hamjaondoka siku ya kwanza muulize gaidi gari la dharura linaweza kufika wapi kwa hali ya barabara ya wiki hiyo na anapigiwa simu nani. Na hata kama hujaumia vibaya, siku ya mwisho omba mpite ndefu. Wenzio watanung'unika, wanataka bia, wewe waambie mteremko wa polepole na mbega juu ya miti ni bora kuliko saa moja mnayookoa.

Mkifika getini goti litakuwa limejaa na hilo ni kawaida, lipe siku tatu nne. Likibaki limekwama, likikukimbia nyumbani kwenye sakafu, au shavu la mguu likaanza kuvimba na kuuma na kupata joto siku chache baadae, nenda hospitali, hilo la shavu usilale nalo hata usiku mmoja mana linaweza kuwa damu imeganda. Na ukipigwa eksirei ukaambiwa "mbona mfupa mzima" usirudi nyumbani ukidhani umepona, eksirei inaona mfupa, gegedu na kano haivioni, vile vinataka MRI.

Kutoka Momella kurudi mjini barabara ya kwanza ni ya vumbi na mashimo na goti lililokunjwa kwenye kiti cha nyuma litakuwa jiwe kabla hamjafika lami. Kiti cha mbele, kimerudishwa nyuma kabisa, mguu umenyooka, begi chini ya kisigino. Kiombe asubuhi mkiwa bado Miriakamba, mana mkifika kwenye gari kila mtu atakuwa na goti.